Ovare: kushangilia kwa Kilatini

Kitenzi cha Kilatini cha kushangilia ni ovare: kushangilia kwa sauti, na hasa kuingia Roma kwa maandamano ya ushindi wa daraja la pili, yaani ovatio. Usikinyambue kama kitenzi chochote kinachoishia na -are. Ni kitenzi pungufu: nyakati timilifu karibu hazimo, na utakachokuta zaidi kwenye maandishi ni ovans, "huku akishangilia".

Kwamba ovare imetokana na ovis, kondoo, ni maelezo ya kale. Plutarch, mwandishi Mgiriki wa kale, anayo, kwa kuwa kwenye ovatio alichinjwa kondoo na kwenye triumphus, maandamano ya ushindi ya daraja la kwanza, ng'ombe. Wanaisimu wengi hawayakubali, wanakihusisha na Kigiriki euazein, kupaza "euoi!" kwenye sherehe za Dionysos, mungu wa mvinyo. Ovum, yai, ingawa linafanana, halihusiki kabisa.

Jemadari wa ovatio hakupanda gari la farasi wanne kama yule wa triumphus. Alikwenda kwa miguu au juu ya farasi, kichwani taji la majani ya mhadasi badala ya lile la laureli la triumphus. Crassus, jemadari wa Kirumi, mwaka 71 KK, baada ya kumshinda Spartacus, kiongozi wa watumwa walioasi, alihangaika mpaka Seneti ikampitishia laureli. Watumwa hawakuhesabika adui wa kustahili triumphus, basi akajifariji kwa taji.