Riteina ikibana, hiyo si siku ya kuivua

Usiivue. Unaandika kwamba umetolewa vyuma vya meno miezi mitatu iliyopita, kwamba riteina ya plastiki, kile kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi yalikotoka, inakubana kila unapoirudisha baada ya kuipumzisha siku mbili tatu, na kwamba jamaa yako amekuhakikishia kuwa meno yakimaliza miezi sita huwa yameshazoea, kwa hiyo unafikiria kuiacha. Umeuliza pia kuhusu madoa na mahindi ya kuchoma, lakini mdogo wangu, hili la riteina ndilo lililonifanya niandike usiku huu, kwa sababu maneno hayo hayo ya miezi sita yalinirudisha mimi kwenye vyuma mara ya pili.

Nilivaa vyuma miezi 26 hapa Dar es Salaam. Siku vilipotolewa nilipewa riteina mbili, ya juu na ya chini, na nilipokuwa nalipa salio la mwisho nikauliza pale mapokezi nitazivaa mpaka lini. Aliyekuwa mezani alikuwa anahesabu fedha, akanijibu bila kuinua macho, "Miezi sita inatosha, dada." Hakuwa daktari, hakufungua faili langu, wala hakusema "ngoja nimuulize daktari", maneno matatu tu ambayo yangeniokoa. Hasira yangu kwake haijaisha mpaka leo, kwa kuwa hakuna aliyemlazimisha kujibu asilolijua.

Miezi sita ilipotimia nikaanza kuziruka siku moja moja. Kisha nikaenda Tanga kwenye harusi, nikakaa wiki tatu, nazo nikaziacha Dar ndani ya kisanduku chake. Niliporudi, ya chini ilikataa kushuka. Nikaing'ata kwa nguvu ili iingie, ikapasuka ubavuni, nami nikajiambia kwamba ya juu inatosha. Baada ya miezi minne jino moja la mbele la chini lilikuwa limejipinda na kumpanda mwenzake, na kabla mwaka haujaisha nilikuwa tena kwenye kiti cha daktari nikibandikwa vyuma vya chini, miezi 11 mingine, na shilingi 1,400,000 nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya kiwanja zikaishia huko.

Daktari wa safari hiyo ya pili ndiye aliyenieleza. Jino halikukaa kwenye mfupa kama msumari ukutani. Limeshikwa na nyuzi ndogo ndogo zinazoliunganisha na mfupa na ufizi. Vyuma vinapolisukuma, mfupa ulio mbele yake humomonyoka na ulio nyuma yake hujengwa upya, na ndiyo maana kazi hiyo huchukua mwaka na nusu hadi miwili kwa watu wengi. Lakini nyuzi za ufizi, hasa za jino lililogeuzwa, hubaki zimevutika na huendelea kulirudisha lilikotoka kwa miezi mingi. Hata zikitulia, meno ya mbele ya chini hubanana kadiri umri unavyokwenda, hata kwa watu ambao hawajawahi kuvaa vyuma. Kwa hiyo hakuna tarehe ambayo meno "yamezoea".

Huko kubana unakokulalamikia, basi, ni meno yaliyosogea katika zile siku mbili za kuipumzisha. Ikiwa riteina inashuka mpaka mwisho, ivae hivyo hivyo, usiku na mchana, mpaka ilegee. Ikiacha nafasi juu ya jino, usiilazimishe kwa kung'ata kama nilivyofanya. Nenda kwa daktari wiki hii hii, maana kutengenezewa nyingine ni gharama ndogo ukilinganisha na vyuma. Usiioshe kwa maji ya moto, hupinda. Unapokula hotelini usiifunge kwenye tishu, mhudumu ataizoa pamoja na mifupa ya samaki. Na kithembe unachokionea aibu huisha baada ya siku chache. Hakijawahi kumzuia mtu kuolewa.

Ukitaka kujua utaivaa mpaka lini, muulize daktari aliyekuwekea vyuma, yeye mwenyewe, faili lako likiwa mbele yake. Wangu aliniambia kila usiku, bila kutaja mwisho. Huu ni mwaka wa tano, na ninapoandika haya imo mdomoni.