Maswali na Majibu: Diski imejaa, lakini Bacula haifuti kitu

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasimamia kompyuta za chama kimoja cha akiba na mikopo mkoani Morogoro. Tuna seva moja ya mafaili yenye data ya takriban gigabaiti 500, nasi huinakili kupitia mtandao kwa programu ya Bacula hadi kwenye diski ya terabaiti 4: nakala kamili kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, na nakala za nyongeza (zinazobeba tu yaliyobadilika tangu nakala iliyotangulia) kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi. Niliagiza kwamba volyumu, yaani faili ambamo Bacula huweka nakala, ihifadhiwe siku 30 kisha itumike upya. Hata hivyo kuna volyumu moja tu, nayo imeijaza diski nzima, na sasa kazi ya usiku imesimama ikisubiri volyumu nyingine. Nimepunguza muda hadi siku 14 na kuiwasha programu upya, lakini hakuna kilichobadilika. Je, nikilifuta faili la volyumu hiyo kwa amri ya rm, tatizo litakwisha? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, tafadhali usilifute faili hilo, kwa kuwa nakala zote za chama chenu zimo ndani yake, na kwa sasa hamna nyingine. Aidha, hata kama lingekuwa halina thamani, kulifuta kwa rm hakuiarifu katalogi, yaani hifadhidata ambamo Bacula huandika kila kazi iliyofanyika na volyumu inamokaa. Ni sawa na kutoa magunia ghalani bila kuyakata kwenye daftari la stoo: siku mtakapotaka kurejesha faili, Bacula itaitafuta kwa uhakika kabisa volyumu ambayo haipo tena.

Chanzo cha tatizo lenu ni jinsi muda wa kuhifadhi unavyoeleweka. Wengi hudhani kwamba siku 30 zikitimia, data hufutwa. Sivyo. Muda huo ni ahadi ya kiwango cha chini, kwamba Bacula haitaigusa volyumu kabla ya siku hizo kupita, na hata zikishapita itaiacha ilivyo mpaka itakapohitaji mahali pa kuandikia. Isitoshe, siku zenyewe huhesabiwa tangu volyumu ilipoandikwa kwa mara ya mwisho. Kwa kuwa yenu ilikuwa katika hali ya Append, yaani bado inapokea data, na kuandikwa karibu kila usiku, hesabu ilikuwa ikianza upya kila usiku, na isingefika 30 kamwe. Wala Bacula haiwezi kuondoa kazi moja ya zamani iliyo katikati ya volyumu na kuziacha nyingine, kwani volyumu hutumika upya ikiwa nzima au haitumiki upya kabisa.

Hapo ndipo ilipo hatari kubwa kuliko hiyo uliyoiuliza. Diski ilipojaa, volyumu ilifungwa na kuandikwa Full, yaani imejaa, na kuanzia hapo siku zinahesabika kweli. Zikitimia, kazi ya usiku itaichukua volyumu hiyo hiyo na kuanza kuiandika upya tangu mwanzo, na nakala za miezi yote zitapotea kwa mkupuo mmoja, wakati nakala kamili mpya bado haijakamilika. Seva ikiharibika usiku huo, hamtakuwa na kitu cha kurejesha.

Kuhusu siku 14 zako kutoleta mabadiliko, sababu ni kwamba yaliyoandikwa kwenye sehemu ya puli (kundi la volyumu zenye masharti yaleyale) katika faili la usanidi ni kiolezo cha volyumu zitakazoundwa baadaye, ilhali iliyokwisha kuundwa hubaki na thamani ilizopewa siku ya kuwekewa lebo. Kuzibadilisha kunahitaji amri ya update kwenye konsoli: kwanza puli isasishwe kutoka kwenye usanidi, kisha volyumu zote za puli hiyo zisasishwe kutoka kwenye puli. Kwa hali yenu ya sasa, ninashukuru kwamba mabadiliko hayo hayakufika. Fanya kinyume chake leo: tumia update kuiweka volyumu hiyo katika hali ya Read-Only, yaani ya kusomwa tu, ili isichaguliwe kutumika upya kabla hujawa tayari.

Baada ya hapo, tafuteni diski nyingine, ya kuazima ikibidi, na mwanze na mpango mpya wenye puli mbili. Puli ya kwanza iwe ya nakala kamili, kila volyumu ipokee kazi moja tu (Maximum Volume Jobs = 1), na muda wa kuhifadhi uwe siku 90. Mngekuwa na seva kadhaa, ningependekeza volyumu ifungwe kwa muda badala ya idadi ya kazi, kwa mfano saa 23, ili kazi zote za usiku mmoja zikae pamoja. Puli ya pili iwe ya nakala za nyongeza: Volume Use Duration, yaani muda wa volyumu kupokea kazi, iwe siku 6, ili volyumu iliyoanza Jumatatu isipokee kazi ya Jumatatu inayofuata, na muda wa kuhifadhi uwe siku 40, kwa sababu kati ya Jumapili ya kwanza ya mwezi mmoja na ya mwezi unaofuata zinaweza kupita siku 35. Nakala ya nyongeza haina maana bila nakala kamili iliyoitangulia, kwa hiyo muda wa puli ya pili usiwahi kuupita ule wa kwanza.

Hesabu ya nafasi ifanyike kabla ya kuwasha chochote. Volyumu tatu za nakala kamili karibu zinatosha kwa siku 90, lakini kuna vipindi ambapo ya kwanza inahitajika ikiwa na siku 84 tu, nayo Bacula itakataa kuitumia, kama inavyopaswa. Basi wekeni nne, na ya tano iwe ya akiba; zote ni gigabaiti 2,500. Tuchukulie kwamba nyongeza ya usiku mmoja ni gigabaiti 15, yaani 90 kwa wiki. Volyumu saba zinatosheleza siku 40, ya nane ni ya akiba, na jumla ni gigabaiti 720. Zinabaki takriban 780 kwa ajili ya ukuaji wa data. Kisha andikeni Maximum Volumes, yaani kikomo cha idadi ya volyumu, 5 kwa puli moja na 8 kwa nyingine, kwani bila kikomo hicho, pale volyumu zinapopewa lebo zenyewe, puli inaweza kuendelea kuongeza mafaili mapya hadi diski ijae tena. Msikubali kamwe kuwasha Purge Oldest Volume ili kukwepa hesabu hii, maana agizo hilo huifuta volyumu ya zamani zaidi bila kujali muda wake.

Nakala kamili mpya ikishapatikana na mkajaribu kurejesha mafaili kutoka humo, ndipo uongozi uamue hatima ya volyumu ya zamani. Ikiamuliwa iondoke, itoe kwanza kwenye katalogi kwa amri ya delete, na hapo tu rm itakuwa na kazi halali. Katalogi yenyewe nayo inakiliwe kila usiku, na nakala yake ikae mbali na seva ya Bacula. Maelezo haya yanawafaa pia wanaotumia Bareos, mradi uliochipuka kutoka Bacula mwaka 2010.

SWALI: Nini tofauti ya prune na purge? Nilitumia purge kwa bahati mbaya juu ya volyumu ya mwezi uliopita. — Msomaji, Nakuru

JIBU: Amri ya prune huondoa kwenye katalogi kumbukumbu zilizopitwa na muda pekee, ilhali purge huziondoa bila kuuliza umri wake. Hata hivyo katika usanidi wa kawaida amri zote mbili hugusa katalogi tu, na data hubaki kwenye volyumu mpaka itakapoandikwa juu. Basi izuie sasa hivi kwa kuiweka Read-Only, kisha tumia zana ya bscan kuisoma volyumu na kuzirudisha kumbukumbu zake kwenye katalogi.

SWALI: Tuna kanda tupu chache za sumaku za kuwekea nakala, na puli tatu. Tuzigawe vipi? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Msizigawe. Undeni puli yenye jina Scratch, herufi kwa herufi, na kanda zote tupu zikae humo. Puli yoyote ikikosa volyumu, Bacula itahamisha kanda moja kutoka Scratch. Ili kanda zirudi huko zinapomaliza muda, andikeni RecyclePool = Scratch katika kila puli, na zile zilizokwisha kuwa na lebo mzisasishe kwa update.