Mgane Hakai Eda

Huku kwetu Ujiji mwanamke akifiwa na mume anakaa eda miezi 4 na siku 10, na nyumba haikauki watu. Mwanamume akifiwa na mke, hitma ikishasomwa kila mtu anashika njia yake. Mimi nilikuwa na miaka 56 mke wangu alipofariki. Wiki haikuisha nikawa nipo Kibirizi naulizia bei ya dagaa, watu wakanisifu kwamba nimejikaza.

Wapi! Usiku nilikaa barazani nikitazama taa za wavuvi ziwani mpaka zinazimwa. Chakula hakipiti. Zahanati moja ikanitibu malaria mara mbili. Daktari wa hospitali ya Maweni ndiye aliyeuliza la maana: hali hii imeanza lini? Nikamwambia tangu Ramadhani. Akasema mtu akipitisha wiki mbili hana hamu ya kitu wala usingizi, aje aangaliwe, huenda ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, na sonona inatibika.

Ndugu nao walikuwa na dawa yao: "Shemeji, oa." Nusura nikubali. Mgane mwenzangu, usioe ili upone. Pona kwanza, mtoto wa watu si kidonge. Na ndoa yenyewe si kinga ya upweke: nina majirani, mke na mume, ambao salamu zao hupitia kwa watoto.

Kilichonifumbua macho ni daftari la michango la marehemu, nililolikuta kwenye kabati la vyombo, jalada lina madoa ya mawese. Mama Rehema, harusi, 10,000. Bi Mwajuma wa Gungu, msiba, mchele kilo 5. Kurasa na kurasa. Miaka yote nilidhani hawa ni watu wetu, kumbe walikuwa watu wake, mimi nilitajwa tu kama mume wa fulani. Alipoondoka, simu yangu ikanyamaza.

Nikaanza kuwapigia, mmoja kila siku baada ya alasiri. Wa kwanza alidhani nataka mkopo. Wa tatu alilia, nami nikalia, tangu mazishi sikuwa nimelia.

Wewe ambaye mkeo yu hai, mwombe akuonyeshe daftari lake leo. Msiba ukitokea usimtume na bahasha, nenda naye, ukae mkekani, watu wakujue kwa jina lako.

Daftari langu sasa lina mwandiko wa aina mbili, wake na wangu.