Skyline Drive: mpeleke bimkubwa Aprili, kabla majani hayajafunga

Mkuu, umesema bimkubwa anafika katikati ya Aprili, magoti yanamsumbua, na unatafuta sehemu ya milimani mnayoweza kwenda asubuhi na kurudi jioni nyumbani kwenu Silver Spring, huko Maryland, Marekani. Walionitangulia hapa wamekushauri usubiri Oktoba, majani yakishageuka rangi. Mimi napinga. Oktoba mtapanga foleni getini, na mkishaingia mtasoma namba za gari la mbele kutwa nzima. Mpeleke Skyline Drive, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah kule Virginia, na mpeleke hiyo hiyo Aprili.

Barabara ile inapita juu kabisa, mgongoni mwa milima ya Blue Ridge, maili 105 kutoka Front Royal upande wa kaskazini hadi Rockfish Gap kusini. Miti yake mingi hupukutisha majani, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyochelewa kuchipua. Kwa hiyo Aprili unaanza safari bondeni kwenye kijani kibichi, unapita kwenye vichaka vya miti midogo iliyojaa maua ya pinki hata jani moja haijatoa, halafu juu unakuta matawi matupu kama ya Januari, wakati wa baridi kali. Majira mawili kwenye mlima mmoja. Na kwa sababu matawi ni matupu, unaona mbali. Ukielekea kusini, kulia ni bonde la Shenandoah, kushoto vilima vinashuka kuelekea mashariki, na unavitazama katikati ya miti huku gari linatembea. Juni majani yanafunga kila kitu, utaona tu pale walipofyeka.

Ila muandae mgeni. Nilimpeleka shangazi yangu, mzaliwa wa Mgeta, mtu wa milima tangu tumboni. Tulipofika juu akauliza, "Huu msitu nani kauchoma?" Nikamweleza habari za baridi, hakunielewa mpaka niliposimamisha gari akashika tawi na kuona vichipukizi mwenyewe. Kuanzia hapo akawa yeye ndiye anayetuonyesha.

Mwendo unaoruhusiwa ni maili 35 kwa saa, kama kilomita 56, na askari wa hifadhi wapo kweli. Ukitaka kuimaliza yote maili 105 bila kusimama ni saa tatu hivi, na sikushauri. Ingia Front Royal, nenda mpaka Big Meadows maili ya 51 (maili zinahesabiwa kuanzia Front Royal), geuza, kisha toka kwa geti la Thornton Gap lililopo maili ya 31. Kiingilio ni kwa gari, siyo kwa kichwa. Mara ya mwisho nililipa dola 30, na risiti inatumika siku saba.

Zipo karibu sehemu 70 za kuegesha na kutazama, na karibu zote mtu anaona bila kushuka. Hiyo ndiyo raha yake kwa mzee. Usisimame kila moja, mtachoka. Hogback, maili ya 21, usiipite: chini unauona mto Shenandoah ukijikunja na kujikunja tena kama nyoka aliyeshiba. Ukishavuka geti la Thornton Gap kuna handaki la Marys Rock, lilitobolewa kwenye jiwe mwaka 1932. Kama umekodi gari refu, kimo chake ni futi 12 na inchi 8. Kisha Thorofare Mountain, maili ya 40, mlima Old Rag uko mbele yenu na mawe yake kichwani.

Akitaka kunyoosha miguu, maili ya 43 kuna njia inaitwa Limberlost. Ni mzunguko wa maili 1.3, tambarare, imetandazwa kokoto laini, hata kiti cha magurudumu kinapita, na mabenchi yapo. Zamani palikuwa na miti mikubwa ya hemlock, jamii ya misonobari. Mke wa Pollock, mwenye hoteli ya Skyland, alilipa dola 10 kwa kila mti ili mia moja isikatwe. Ikaokoka shoka, baadaye ikaja kumalizwa na kadudu kadogo kutoka Asia.

Bimkubwa akiwa mdadisi, ataona kuta za mawe na miti ya matofaa msituni na atauliza wenyewe wako wapi. Mwambie ukweli: hifadhi ilipoanzishwa 1935, watu wapatao 2,000 walikuwa wakiishi pale, wakahamishwa, wengine kwa nguvu. Shangazi aliguna tu, "Kumbe na huku." Na ukiwa na muda, sogea maili sita kupita Big Meadows mpaka Lewis Mountain. Hiyo kambi ilifunguliwa 1939 kwa ajili ya watu weusi peke yao, kwa sababu Virginia ya wakati ule ilikuwa na sheria za ubaguzi. Kufikia 1950 ubaguzi huo ulikuwa umeondolewa hifadhini. Leo ni sehemu tulivu kuliko zote za kulia chakula. Sisi tulifungua chupa ya chai na chapati pale, na sikuona sababu ya kutafuta mgahawa.

Mambo ya gari: jaza mafuta Front Royal, maana huko juu kituo ni kimoja tu, Big Meadows. Mtandao wa simu unakatika sana, pakua ramani kabla. Ukishuka weka gia ndogo kama unavyoshuka Kitonga, usikalie breki. Machweo paa wanavuka barabara bila salamu, na dubu nao Aprili wameshaamka usingizi wa majira ya baridi, wana njaa, chakula kisibaki nje. Sweta na kitenge kizito ni lazima, juu baridi inazidi bondeni hata kama Silver Spring mmetoka na fulana.

Asubuhi ya safari angalia tovuti ya hifadhi kabla hamjatoka. Hata Aprili theluji au barafu ikianguka wanafunga barabara, na wingu likikaa mlimani hamtaona hata boneti. Ikiwa hivyo msilazimishe kupanda. Nendeni Luray, mji uliopo chini ya mlima upande wa magharibi, mkaone mapango yake. Ila humo kuna kutembea zaidi ya maili moja chini ya ardhi, kwa hiyo muulize kwanza magoti yanasemaje siku hiyo.