Re: Maji ya mvua yananuka tangini

Mkuu, umesema mabati ni mapya ila maji yananuka baada ya wiki mbili. Tatizo ni vumbi, majani na kinyesi cha ndege vinavyoingia na mvua ya kwanza. Kwa kiangazi kirefu kama cha Dodoma, paa huwa chafu kweli.

Kabla ya tangi, weka T (kiungo cha bomba chenye njia tatu) kwenye bomba la gata, yaani mfereji wa paa, kisha ushushe bomba la PVC la inchi 4 lenye urefu wa mita 3, lenye kifuniko cha kufungua chini. Hilo hunasa maji machafu ya kwanza: linabeba lita 24 hivi, yaani nusu milimita ya mvua kwenye paa lako la mita 6 kwa 8. Likijaa, maji safi ndiyo yanaelekea tangini. Toboa kifuniko tundu la milimita 3 lijimwage lenyewe. Tundu huziba kwa tope, na hapo ndipo wengi hukwama: bomba linabaki limejaa na mvua inayofuata inapeleka uchafu wote tangini. Fungua, suuza kila baada ya mvua kubwa.

Gata lishuke sentimita 1 kwa kila mita, maji yasituame. Mdomo wa tangi funika kwa wavu wa mbu. Koki iwe sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi, tope libaki chini. Ya kunywa bado chemsha.