Ngozi kuvuta baada ya kuoga: cheki mafuta yaliyomo kwenye sabuni, povu lisikudanganye

Mkuu uliyeuliza kwa nini ngozi inavuta na kupauka kila ukitoka kuoga, na kama kosa ni la sabuni au maji, mi mwaka wa 3 huu najitengenezea sabuni ya kipande na ngozi yangu ni kavu tangu utotoni, ngoja nikupe niliyoyaona.

Sabuni ni mafuta na kostiki soda (kemikali kali inayounguza ngozi) basi, vikishaelewana kostiki inaisha unabaki na sabuni na glisirini (kile kiowevu kinachoshika unyevu wa ngozi). Hata iwe nzuri vipi pH yake (kipimo cha asidi na alkali, 7 ndo katikati) inacheza 9 hadi 10 wakati ngozi iko kwenye 5 hivi, kwahiyo kuvuta kidogo ni kawaida. Ishu ni mafuta gani yametumika. Nazi ina povu la kufa mtu na inatakatisha mno, inakomba mpaka mafuta ya ngozi yenyewe. Zeituni povu lake linateleza kama kamasi (wengi hawalipendi) ila ni pole. Mawese yanafanya kipande kiwe kigumu.

Mzigo wangu wa kwanza niliweka nazi tupu, kilo 1 kwa gramu 183 za kostiki, yaani mafuta yote yaliliwa halikubaki tone. Povu safi, najisifia, wiki ya 2 vifundo vya vidole vinapasuka. Nikajifanya mjanja, nusu ya nazi nikatoa nikaweka zeituni ila kostiki nikaacha ile ile 183. Kumbe zeituni inakula kostiki kidogo kuliko nazi, ule mchanganyiko ulitaka kama 159 tu, zile gramu 24 zikabaki humo ndani zinanisubiri. Nikaogea mara 2 makwapa yakawaka moto, ndo nakuja kugusisha ulimi kwenye kipande nikapigwa shoti kama nimelamba betri. Siku hizi nazi haizidi robo na kostiki napunguza 5% ili mafuta kidogo yabaki.

Za dukani soma boksi, kinachotangulia ndo kingi. Sodiamu palmeti ni mawese, sodiamu kokoeti ni nazi. Viwanda vingi glisirini wanaitoa, ukiiona imerudishwa ni afadhali. Zile za kuua bakteria zenye triklosani usihangaike nazo, Marekani walitangaza kuzipiga marufuku 2016 maana viwanda vilishindwa kuonyesha kwamba zinaizidi sabuni ya kawaida.

Halafu manukato. Ukavu unavuta na kupauka, ila ukiona vipele vinavyowasha shuku harufu kwanza, kaa na isiyo na harufu kabisa wiki kadhaa, visipopoa nenda kwa daktari wa ngozi na boksi lake mkononi.

Na maji nayo yamo mkuu, maji magumu yana kalsiamu inayogandana na sabuni, ule utando mweupe unaouona kwenye beseni na mwilini unabaki hivyo hivyo. Jaribu kuoga kwa maji ya mvua siku 3 na sabuni hiyo hiyo, ngozi ikitulia utajua sabuni umeionea.