Ami Anajibu: Muguka wa mia, mwezi elfu tisa na mia sita

SWALI: Assalaam aleikum Ami. Mimi ni kijana wa miaka 31, naendesha tuktuk, tuktuk si yangu ni ya tajiri, nakaa Mwandoni huku Kisauni na mke na watoto wawili. Nikishatoa hesabu ya tajiri na mafuta siku nzuri nabaki na 1,100, siku mbaya 700. Shida yangu ni muguka, haya majani ya kutafuna. Nakula kila siku tangu nimalize fom foo, si mwingi, wa mia tu, lakini kila mwisho wa mwezi kodi ya nyumba 6,500 naitafuta kwa kukopa na mke wangu ashachoka, juzi alisema mbele ya mamake kuwa majani yanakula nyumba yetu. Mimi naona anazidisha manake mia kwa siku ni elfu tatu kwa mwezi, elfu tatu haivunji nyumba. Nataka kubana matumizi lakini kuwacha kabisa sidhani ni lazima, nikipata pahali pa kununua kwa bei ya jumla nafikiri itasaidia. Nishauri Ami na unisitiri jina. Dereva, Mwandoni.

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Barua yako ilinifikia wiki tatu nyuma na wasomaji hawajui kilichoendelea baina yetu kwa hivyo nawaeleza kwanza. Nilikurudishia ujumbe nikakuomba uandike wiki nzima kila shilingi inayotoka mfukoni kuanzia ukikaa maskani, pale kijiweni mnapokula muguka, mpaka ukiinuka, usifiche kitu. Ukanitumia picha ya ukurasa wa nyuma wa daftari la hesabu la mtoto wako, juu kuna mtoto kaandika mara sita kwa penseli, chini ndo mwandiko wako, na Jumatano yako nainakili vile vile ulivyoiandika: muguka 100, bigijii 20, soda 50, maji 30, sigara 60, karanga 20, nimemtolea jamaa 50. Jumla 330. Wiki nzima imefika 2,240, ukigawanya ni 320 kwa siku, kwa mwezi wa siku thelathini ni 9,600.

Hebu itazame hiyo 9,600 polepole. Inalipa kodi yako yote na inabaki 3,100. Mke wako hakuzidisha hata kidogo, yeye alikuwa akiona unavyorudi mikono mitupu na wewe ulikuwa ukihesabu kile cha mia peke yake. Nakuomba umtake radhi, na kwa kuwa alisema mbele ya mamake basi umtake radhi mbele ya mamake vile vile.

Sasa sikiza, kuna jambo wengi hawalioni. Jani lenyewe ndo kitu rahisi kuliko vyote pale maskani. Muguka ni mchungu kwa hivyo lazima bigijii, ile chingamu, kinywa kinakauka kwa hivyo lazima maji na soda, handasi, yaani ule mchangamko wa jani, ikipanda mkono unaitafuta sigara wenyewe, halafu umekaa na wenzako na mmoja leo hajapata kazi huwezi kumwacha akikutazama mdomo, unamtolea hamsini. Ukitafuta muguka wa bei nafuu utaokoa labda ishirini pale kwenye mia na ile 220 nyengine itabaki pale pale. Ndo maana nakwambia hiyo fikra ya bei ya jumla iweke kando.

Na hata ungetaka, jumla yenyewe haiwezekani. Muguka unatoka kule Embu, ni mmea ule ule wa miraa ya Meru, tofauti ni kuwa huu wanakula majani machanga na ile miraa wanatafuna maganda ya vijiti. Kile kinacholeta handasi kinaitwa kathinoni na huanza kuharibika pale pale jani likishachumwa, siku mbili hivi zikipita nguvu imekwisha mno, ndo maana miraa husafirishwa imefungwa kwa majani ya mgomba na magari yake yanakimbia vile unavyoyaona njiani. Unga unaweza kununua wa mwezi mzima ukauweka ndani, sukari pia, lakini hiki ni kitu kinachokutaka utoke kila siku ukakinunue kibichi, na kila ukitoka unakutana na soda, sigara na yule jamaa hana kazi. Mazoea yako yamejengwa juu ya jani lisilolala.

Kisha kuna ukurasa wa pili wa daftari ambao naona uliandika kwa haya kidogo, pale uliposema Ijumaa mchana hukupiga trip hata moja. Unakaa saa nane mpaka karibu na magharibi, tuktuk iko chini ya mti. Katikati hapo watoto wa shule wametoka, kina mama wanarudi Kongowea na viroba vyao, wafanyikazi wa Nyali wanatafuta usafiri wa kurudi nyumbani, na wewe uko pale unazungumza mipango mizuri sana ya maisha, manake handasi huleta mipango. Usiku usingizi hauji mpaka saa nane saa tisa, asubuhi unaamka jua lishatoka na trip za shule za saa kumi na mbili zishachukuliwa na wenzako. Hiyo hasara siiweki kwenye ile 9,600 kwa sababu hukuiandika kwa shilingi, lakini wewe unaijua na tajiri wako anaijua.

Nakuzungumzia haya kwa kuwa nimekula muguka miaka minane pale Majengo, niliwacha 2013. Siku niliyowacha mama alinipa mia nne nikamchukulie dawa za presha Mwembe Tayari, nikapita maskani kwanza, dakika tano tu nikasema. Nilifika duka la dawa na 150, nikanunua zinazotosha hiyo 150. Mama hakunigombeza. Jioni nikamkuta jikoni anakata vidonge nusu nusu kwa kile kisu chake cha vitunguu, anavipanga juu ya kisahani ili vifike mwisho wa wiki, na alikuwa anavikata kwa makini sana visivunjike unga. Nilisimama mlangoni nikamtazama na mpaka leo kile kisahani nakiona, kilikuwa cheupe chenye maua ya samawati ukingoni.

Kwa hivyo kupunguza sikushauri, ntakwambia uwache. Wengine watanilaumu kuwa ni mkali lakini nimeona watu wengi wakipunguza, wanapunguza jani na maskani wanakaa saa zile zile, na baada ya wiki mbili wamerudi pale pale.

Jambo la kwanza ushughulike na ile saa nane, manake saa nane ndo itakutafuta kuliko jani. Kabla hujawacha nenda Kongowea ukazungumze na kina mama wawili watatu wanaouza mboga au samaki, uwape nambari yako uwaambie kila siku saa nane na nusu we utakuwa pale kuwabeba na mizigo yao, na uongee na wazazi wa mtaani kwako wenye watoto wa shule wakupe kazi ya mwezi, kuwapeleka na kuwarudisha. Mtu akikungojea na samaki wake kwenye jua utakwenda hata kama moyo hautaki. Usipange kukaa nyumbani saa hizo, nyumbani utalala kidogo utaamka na miguu itakupeleka yenyewe.

Pesa nazo uzitoe mkononi siku ile ile. Usiziweke kwenye simu, pesa ya simu ni kama iko mfukoni tu, mtu anakwambia nitumie hamsini unatuma. Mwambie mke wako aingie mchezo wa kina mama wa mtaani kwenu. Wakiwa 15 wanaotoa 200 kila siku, kila siku mmoja anabeba 3,000 na zamu yenu inarudi baada ya siku 15, hiyo ni 6,000 kwa mwezi, kodi imebaki mia tano tu kutimia. Mpe ile 200 mkononi kabla ya magharibi. Mchezo una haya yake, ukikosa kutoa jina la mke wako ndo litatajwa barazani, na najua hutalipenda hilo. Ile 120 iliyobaki iwache nyumbani, ntakwambia ya nini.

Siku za kwanza mwili utalalamika. Utakuwa mzito, usingizi wa mchana, hasira za karibu, ndoto mbaya mbaya, na kazi yoyote utaiona haina ladha. Usiendeshe ukiwa unasinzia, simamisha tuktuk kivulini ulale robo saa ndo uendelee. Haya mambo hupungua yenyewe kwa siku kadhaa, wengine wiki mbili. Halafu njaa itarudi, na hapa ndo wengi huona kama wamedanganywa, manake muguka unaua hamu ya kula na ukiwacha utakula kama kijana wa miaka kumi na saba, sahani mbili za wali usiku. Matumizi ya chakula yatapanda kidogo na ndo kazi ya ile 120. Kula nyumbani, kunywa maji, tumbo nalo lililokuwa likifunga litafunguka. Na kama una presha au moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa tu basi pita hospitali upimwe, muguka huusukuma moyo.

Rafiki zako usiwahutubie. Piga honi, wasalimie, pita. Ukisimama kueleza kwa nini umewacha ushakaa. Wa kweli watakuja nyumbani kwako kunywa chai, na yule unayemtolea hamsini mwulize kama anataka kukusaidia kubeba mizigo Kongowea umlipe. Mahali pa hatari zaidi ni harusi, zile kesha za wanaume, mtu umewacha miezi minne unasema leo ni furaha ya ndugu yangu. Nenda mapema, kula pilau, toa mkono wa hongera, rudi ulale.

Kuna watakaoniandikia kuhusu serikali. Najua, Mei 2024 gavana wetu Abdulswamad Nassir alipiga marufuku muguka Mombasa, na mahakama kuu ya Embu ikaisimamisha ile amri siku chache tu baadaye, na wakulima wa kule wana watoto wao pia wanaosoma kwa jani hilo hilo. Zile kesi ziende zinavyokwenda, kodi yako inafika mwisho wa mwezi haijali jaji kasema nini.

Ukijaribu ukashindwa mara ya kwanza usijifiche, piga 1192, ni nambari ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na madawa ya kulevya, na ni ya bure, utazungumza na mtu. Na uniandikie. Nataka kuiona picha nyengine ya lile daftari baada ya mwezi.

SWALI: Ami shikamoo. Mimi niko Likoni, nafanya kazi ya kufua nguo za watu, nina watoto watatu. Kila jioni natuma mtoto dukani mafuta ya kupima ya 30, sukari ya 20, majani ya chai ya 10. Najua nalipa zaidi kuliko wanaonunua kikubwa lakini pesa nzima sipati pamoja. Na nikijaribu kununua mtungi wa mafuta unaisha haraka kabla ya siku nilizofikiria. Nifanye nini? Mama watatu.

JIBU: Marahaba dada yangu. Wewe tabu yako ni kinyume na ya huyu kijana, vyako vyote ni vitu vinavyokaa, basi una bahati hapo japo huioni leo.

Usinunue vyote vitatu kwa pamoja, pesa haitatosha na utavunjika moyo. Anza na majani ya chai. Unatoa 10 kila siku, hiyo ni 300 kwa mwezi, na pakiti moja kubwa ikikaa kwenye kopo lenye kifuniko haiharibiki. Siku uliyofua nyumba mbili badala ya moja nunua pakiti, kisha ile 10 ya kila jioni endelea kuitoa kama kawaida, itie kwenye kopo tupu juu ya kabati. Usiache kuitoa, hapo ndo siri yote ilipo. Pakiti ikiisha kopo litakununulia nyengine na kitabaki kitu, hicho kinakwenda kwenye sukari, na sukari ikishakaa sawa ndo unaingia kwenye mafuta.

Mafuta kuisha haraka si uchawi, mtungi ukiwa mkubwa mkono unakuwa mkubwa, sote humimina hivyo. Fanya hivi, kabla hujanunua mtungi chukua chupa tupu ya soda ya nusu lita, yale mafuta ya 30 ya leo yamimine mle kabla ya kupika na utie alama kwa kalamu yamefika wapi. Hiyo alama ndo kipimo cha nyumba yako, watoto wameshiba nayo miaka yote. Ukinunua mtungi, mtungi wenyewe uweke chini ya kitanda au chumbani kwako, kila jioni mimina mpaka kwenye alama, chupa ndo iingie jikoni. Binti yako mkubwa akipika akakwambia mafuta hayatoshi mwonyeshe alama.